Malipo ya wanamichezo wanawake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wachezaji, wazazi wao, viongozi wa klabu ndogo na waandaaji wa mashindano. Tumejikita kwenye soka na riadha, kwa kuwa huko ndiko fedha na migogoro mingi ya wanawake wa Afrika Mashariki iliko.

"Malipo sawa" maana yake nini hasa?

Inategemea unazungumzia fedha ipi. Mchezaji mmoja anaweza kupata mshahara wa klabu, fedha za usajili, posho na bonasi za timu ya taifa, zawadi za mashindano na udhamini binafsi. Kila fungu lina mlipaji wake. Shirikisho la Norway lilipokubali mwaka 2017 kuzilipa timu zake mbili za taifa sawa, na lile la Uingereza lilipoweka posho na bonasi sawa mwaka 2020, mishahara ya klabu haikuguswa hata senti. Haikuweza kuguswa, maana si shirikisho linaloilipa.

Kwa hiyo kiongozi akitangaza kwamba "sisi tunalipa sawa", muulize mambo mawili: fungu lipi, na imeandikwa wapi. Matangazo mengi huishia hapo.

Ni michezo gani imeshafikia usawa?

Katika zawadi, tenisi iko mbele. US Open ilianza kulipa sawa mwaka 1973, na Wimbledon ikawa ya mwisho kati ya mashindano manne makubwa, mwaka 2007. Mashindano ya kawaida ya mwaka mzima bado hayajafika: chama cha wachezaji wanawake, WTA, kilitangaza mwaka 2023 mpango wa kusawazisha mashindano yake makubwa yanayochezwa pamoja na wanaume ifikapo 2027, na yale ya wanawake peke yao ifikapo 2033. Utasikia hoja kwamba wanaume hucheza seti tano na wanawake tatu. Hoja hiyo inahusu yale mashindano manne tu. Kwingine wanaume nao hucheza seti tatu, na huko ndiko wanakolipwa zaidi. Yaani hoja inageuka na kumng'ata mwenyewe.

Riadha nayo iko vizuri. Bingwa wa dunia hupata dola 70,000 awe mwanamke au mwanamume, na zile dola 50,000 ambazo World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, ilitoa kwa kila dhahabu ya Paris 2024 hazikubagua. Marathoni kubwa za Boston, London, New York na Chicago hulipa washindi wa pande zote mbili sawa. Katika kriketi, baraza la kimataifa la mchezo huo, ICC, lilipitisha zawadi sawa mwaka 2023, na India ilikuwa imeshasawazisha malipo ya kila mechi ya timu za taifa mwaka uliotangulia.

Soka liko nyuma sana. Kikapu pia: mwaka 2024 Caitlin Clark, aliyekuwa gumzo la Marekani nzima, aliingia WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, kwa mshahara wa msimu wa dola 76,535.

Lakini wanaume ndio wanaoleta fedha. Kwa nini wasilipwe zaidi?

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa hasira. Ni kweli mapato ya sasa hayalingani. Ila soko hilo halikukua lenyewe. Tarehe 26 Desemba 1920, mechi ya wanawake katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, ilihudhuriwa na watu wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Desemba, chama cha soka cha Uingereza kikazikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, na katazo likadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ujerumani Magharibi ilikataza kuanzia 1955 hadi 1970. Brazil ilikuwa na katazo la kisheria tangu 1941 hadi 1979. Ndiyo miongo ambayo wanaume walikuwa wanajenga ligi, mashabiki na baadaye mikataba ya televisheni.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Kwa muda mrefu FIFA iliuza haki za matangazo za Kombe la Dunia la wanawake zikiwa zimefungwa pamoja na za wanaume. Mnunuzi alilipa bei moja, na hakuna aliyejua sehemu ya wanawake ilikuwa na thamani gani. Mwaka 2023 ndipo zikauzwa peke yake kwa mara ya kwanza. Huwezi kusema bidhaa haina bei wakati hujawahi kuiweka sokoni.

Inapowekwa, watu huja. Timu za wanawake za Barcelona na Wolfsburg zilijaza watu 91,648 Camp Nou Aprili 2022. WNBA imesaini haki za matangazo za takriban dola bilioni 2.2 kwa miaka 11 kuanzia 2026. Katika usajili, Wazambia wawili, Racheal Kundananji na Barbra Banda, waliuzwa Marekani mwanzoni mwa 2024, kila mmoja kwa zaidi ya dola 700,000. Mwaka mmoja baadaye Naomi Girma akawa mwanasoka mwanamke wa kwanza kuvuka dola milioni moja, alipokwenda Chelsea.

Zile dola 30,000 za Kombe la Dunia la 2023 zilikuwa za nani?

Za mchezaji, kwa maandishi ya FIFA. Kila aliyekuwa kwenye kikosi kilichotolewa hatua ya makundi alitengewa dola 30,000, na kila bingwa wa Hispania dola 270,000. Jumla ya zawadi ilikuwa dola milioni 110, robo ya milioni 440 za wanaume Qatar 2022, lakini mara saba na ushee ya milioni 15 za mwaka 2015.

Tatizo ni njia. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya shirikisho kwanza. Kikosi cha wachezaji 23 kilichotoka mapema kilikuwa na dola 690,000 zinazopita mikononi mwa watu wengine kabla ya kumfikia mwenyewe. Timu yoyote inayofuzu mashindano yenye fungu la wachezaji inapaswa kusaini na shirikisho karatasi moja kabla ya kupanda ndege, yenye kiasi au asilimia kwa kila mchezaji, sarafu, kiwango cha kubadilishia fedha kitachukuliwa siku gani, kodi itakatwa na nani, na mwisho wa kulipa ni siku ngapi baada ya shirikisho kupokea. Mkisubiri mrudi nyumbani, nguvu ya kujadiliana mmeiacha uwanjani.

Wamarekani walishindaje?

Kwa kifupi, mahakamani hawakushinda kuhusu mshahara. Wachezaji wa timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Marekani walilifungulia kesi shirikisho lao Machi 2019, na Mei 2020 jaji akalitupa dai la mishahara kwa sababu, ukijumlisha yote, wanawake walikuwa wamepata zaidi ya wanaume katika kipindi kile. Walikuwa wamecheza mechi nyingi zaidi na kushinda zaidi. Pia mikataba yao ilikuwa ya namna nyingine: wao walikuwa na mshahara wa uhakika na bima, wanaume walilipwa kwa mechi. Kulinganisha jumla badala ya masharti ndiko kulikowaponza, na kosa hilo hurudiwa kila mahali.

Mzozo uliisha mezani. Februari 2022 shirikisho lilikubali kulipa dola milioni 24, kisha mikataba mipya hadi 2028 ikaweka kanuni kwamba zawadi za Kombe la Dunia za timu zote mbili zinaunganishwa na kugawanywa sawa. Wanaume walipofika hatua ya 16 bora Qatar, shirikisho lilipata dola milioni 13. Baada ya shirikisho kuchukua asilimia 10, nusu ya wanawake ikawa dola milioni 5.85. Ubingwa wao wa 2015 na 2019 ukiunganisha uliingiza dola milioni 6 tu kutoka FIFA.

Kwa nini siku hizi kila klabu kubwa ya hapa ina timu ya wanawake?

Sehemu ni mapenzi, sehemu ni leseni. Masharti ya leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, yanazitaka klabu zinazocheza mashindano yake ya wanaume ziwe pia na timu ya wanawake. Ndiyo maana utakuta timu nyingine ipo kwenye makaratasi tu, haina daktari wala uwanja wa mazoezi.

Fedha nazo zimeanza kuonekana. Bingwa wa WAFCON, yaani AFCON ya wanawake, alipata dola 500,000 mwaka 2022 na milioni 1 katika fainali zilizochezwa Morocco 2025, ambako Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, nao walikuwepo. Bingwa wa AFCON ya wanaume iliyochezwa Ivory Coast alipata milioni 7. Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake ilianza 2021, na mwaka uliofuata Simba Queens wakafika nusu fainali.

Nimepewa mkataba nisaini. Niangalie nini?

Kwanza ujue wewe ni nani. Kwa kanuni za FIFA, mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya kucheza ni mchezaji wa kulipwa. Klabu ikikuita ridhaa huku inakupa mshahara, jina hilo halibadilishi kitu.

Kisha soma tarehe ya kuanza na kuisha. Mkataba hauzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na siku ya malipo. "Mwisho wa mwezi" haitoshi. Fedha za usajili zikilipwa kwa awamu, kila awamu iwe na tarehe yake. Ahadi za nyumba, nauli na bonasi ambazo hazimo kwenye karatasi zihesabu kama hazipo.

Kipengele kinachowaumiza wanawake zaidi ni cha majeraha. Kukatika ligamenti ya goti, ile ya ACL, huwapata wachezaji wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume, na kupona huchukua miezi tisa au zaidi. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja akiumia katikati ya msimu, mkataba unaisha kabla goti halijapona. Anabaki bila mshahara, na pengine na deni la upasuaji. Omba maneno haya yaingie: klabu inalipia upasuaji na mazoezi ya viungo hadi daktari aruhusu kurudi uwanjani, hata mkataba ukiwa umeisha. Kama hawataki, omba angalau bima yenye kiwango kinachotosha upasuaji wa goti, na uione kadi yake.

Angalia pia kiasi cha kuvunja mkataba. Mchezaji wa shilingi 300,000 kwa mwezi aliyewekewa shilingi milioni 50 za kuondoka amefungwa miguu. Na kipengele kinachoiruhusu klabu peke yake kuongeza mkataba bila wewe kukubali, kikatae.

Klabu haiwezi kuufanya mkataba uliokwisha kusainiwa utegemee kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi. Vipimo vinatangulia sahihi. Wala hauwezi kutegemea kwamba huna mimba au hutapata. Mwisho, ondoka na nakala yenye sahihi zote. Kama hawana mashine ya kutolea nakala, piga picha kila ukurasa hapo hapo.

Sijalipwa miezi miwili. Nifanye nini?

Usiondoke kambini kwa hasira. Ukiondoka bila kuandika, wewe ndiye unayeonekana umevunja mkataba. Andika barua, ipeleke kwa namna inayoacha ushahidi (barua pepe, au nakala yenye muhuri wa kupokelewa), utaje miezi na kiasi, na uipe klabu siku zisizopungua 15 kulipa. Kanuni za FIFA zinasema mishahara miwili ya mwezi isiyolipwa kinyume cha sheria, pamoja na onyo hilo la siku 15, ni sababu halali ya mchezaji kuvunja mkataba.

Kama unataka fedha zako bila kuondoka, deni likizidi siku 30 toa onyo la siku 10. Baada ya hapo klabu inaweza kupigwa faini au kufungiwa kusajili. Kufungiwa usajili ndiko viongozi wanakokuogopa, kuliko faini.

Shauri linakwenda wapi? Ukiwa Mtanzania katika klabu ya Saudia, au Mkenya katika klabu ya Tanzania, kuna sura ya kimataifa, na baraza la FIFA la usuluhishi linaweza kulisikiliza. Mchezaji hatozwi ada, ila nyaraka ziwe kwa lugha inayokubalika huko, na shauri lifunguliwe ndani ya miaka miwili. Mtanzania katika klabu ya Tanzania huanzia kwenye kamati ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Kanuni za FIFA zenyewe haziondoi haki ya kwenda vyombo vya kazi, lakini kwa Tanzania muda wa kufungua shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni mfupi: siku 30 kwa kuachishwa kazi na 60 kwa madai mengine. Wengi huzimaliza wakisubiri ahadi za simu.

Nikipata mimba, mkataba unaisha?

Hapana. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo isiyopungua wiki 14, angalau 8 kati yake baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara. Klabu ikimwachisha kwa sababu ya mimba inalipa fidia ya kawaida pamoja na mishahara sita ya nyongeza, na adhabu ya kimichezo juu yake. Kabla ya likizo una haki ya kuendelea kucheza, au kupewa kazi nyingine ukiona uwanja si salama. Ukirudi, una haki ya nafasi ya kunyonyesha.

Hapa kuna hesabu ambayo viongozi wengi hawaijui. Sheria ya nchi ikikupendelea zaidi, hiyo ndiyo inayofuatwa. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 84, na 100 kwa mapacha, kwa mshahara kamili. Siku 84 ni wiki 12 za mshahara. Wiki 14 kwa theluthi mbili ni sawa na wiki 9 na kitu. Kwa fedha Tanzania inaishinda FIFA, kwa muda FIFA inaishinda kwa wiki mbili. Kenya inatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Dai fedha za sheria ya nchi na muda wa FIFA, na uandike hivyo kwenye mkataba mapema ili msibishane baadaye.

Kanuni hii si mapambo. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai klabu yake ya Lyon mishahara ya kipindi cha mimba yake, na mwaka 2022 FIFA ikaamuru alipwe zaidi ya euro 82,000.

Kwa wakimbiaji wenye mikataba ya viatu, tafuta kipengele cha kupunguziwa malipo. Nike ilikubali mwaka 2019, baada ya wakimbiaji Alysia Montaño, Kara Goucher na Allyson Felix kuzungumza hadharani, kwamba haitapunguza malipo kwa miezi 18 inayozunguka ujauzito. Ahadi ya kampuni moja haizifungi nyingine. Omba iandikwe kwenye mkataba wako.

Binti yetu ana miaka 16 na wakala anasema ana klabu Ulaya. Tumruhusu?

Uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa hali chache, kama wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Anayekuahidi "majaribio kwanza, karatasi baadaye" na kuomba nauli na viza kutoka kwenu, mkimbieni. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA na jina lake linaonekana kwenye orodha ya wazi ya FIFA mtandaoni. Mkataba naye hauzidi miaka miwili. Kwa mtoto, mzazi lazima aridhie kwa maandishi.

Tulimlea mchezaji mtaani. Akiuzwa, tunapata nini?

Kidogo, na mara nyingi hakuna. Fidia ya mafunzo, ambayo kwa wanaume hulipwa hata mchezaji akiondoka bure, haitumiki kwenye soka la wanawake. Kwetu hilo ni pengo kubwa kuliko mengi yanayopigiwa kelele. Kinachobaki ni mchango wa mshikamano: asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu alizochezea kati ya misimu ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na wa 16 hadi 23 una 0.5.

Mkimlea tangu 12 hadi 17, mna asilimia 2. Akiuzwa nje kwa dola 100,000, ni dola 2,000. Kwa klabu ya mtaani hizo ni jezi, mipira na nauli za msimu mzima. Akiondoka bure ni sifuri.

Wengi hupoteza hata hizo kwa sababu binti alicheza bila kusajiliwa. Malipo hufuata rekodi ya usajili kwenye mfumo wa shirikisho, si picha za timu wala ushahidi wa kocha. Msajili kila msimu, jina na tarehe ya kuzaliwa vifanane na cheti.

Mshindi wa mbio za dola 100,000 Marekani anashika ngapi?

Mwandaaji kwa kawaida hukata kodi ya asilimia 30 kwa mgeni: dola 30,000. Wakala huchukua asilimia 15, mara nyingi ya kiasi kizima: 15,000. Zinabaki 55,000, na kama kocha ana asilimia 10, 45,000. Fedha hutoka baada ya majibu ya vipimo vya dawa, kwa hiyo usikope kwa kutegemea mwezi ujao. Sehemu ya kodi inaweza kurudi ukiwasilisha hesabu zenye gharama zako, hivyo tunza risiti.

Zawadi ni sawa kwa wanaume na wanawake, lakini fedha ya kualikwa, ile anayolipwa mkimbiaji ili ashiriki tu, ni siri kati ya mwandaaji na wakala. Huko ndiko tofauti hujificha. Muombe wakala akuonyeshe barua ya mwaliko yenyewe, si ujumbe wake wa WhatsApp.

Tunaandaa mbio za mkoa. Tuhakikisheje zawadi ni sawa?

Lipeni nafasi zilezile. Kosa la kawaida ni wanaume kulipwa hadi wa 10 na wanawake hadi wa 3, kwa maelezo kwamba wanawake ni wachache. Watabaki wachache kama wa nne anarudi bila nauli. Bonasi ya muda nayo ipimwe upande mmoja kama mwingine: kama ya wanaume iko dakika tatu nyuma ya rekodi ya njia yenu, ya wanawake isiwekwe kwenye rekodi yenyewe. Tangazeni viwango kwenye fomu kabla ya kufungua usajili, na lipeni kwa benki au simu kwa jina la mkimbiaji, si la kocha wake.

Kuajiriwa na jeshi, polisi au magereza ni bora kuliko klabu ya kawaida?

Kwa wengi, ndiyo. JKT Queens ya Tanzania, Kenya Police Bullets, na timu za mpira wa wavu za Kenya kama za Magereza na za kampuni ya mabomba ya mafuta, Kenya Pipeline, zimewapa wanawake kitu ambacho ligi hazijaweza kutoa: nafasi ya ajira inayoendelea goti likikataa. Gharama yake ni uhuru. Uhamisho wa nje unahitaji ruhusa ya mwajiri, na ruhusa hiyo ina ngazi nyingi. Kabla ya kuapa, uliza kwa maandishi kama kuna likizo bila malipo kwa atakayepata klabu nje, na nafasi yake hushikiliwa kwa muda gani.